Taa ya Samawati Sebuleni kwa Dagny

Dagny Kviesgaard na mumewe Kresten waliishi pamoja zaidi ya miaka arobaini bila kuongea sana, na hakuna mtu hapa Vesterkær aliyeona ajabu. Watu wa magharibi ya Jutland, huku Denmark, ndivyo tulivyo. Mtu akila chakula chako akasema "kinalika", amekusifu. Akisema "si kibaya hata kidogo", mpelekee kitambaa afute machozi. Kresten alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, kazi ambayo wasemaji wakuu ni ng'ombe. Dagny alikaa mapokezi kwa daktari wa meno mpaka alipostaafu, akizungumza kutwa nzima na watu waliojazwa pamba mdomoni. Jioni walikula viazi na nyama ya nguruwe, wakaketi dirishani na vikombe vyao vya kahawa, na ukimya ulikuwa kama blanketi moja walilojifunika wote wawili.

Hata posa ilikuwa hivyo. Kresten alikuwa ameinama anamzibia Dagny pancha ya baiskeli. Bila kuinua kichwa akasema, "Mimi na wewe, ingewezekana." Dagny akafikiri kidogo, akasema, "Ingewezekana." Wakafunga ndoa.

Kresten alianza kusahau wakati wa vuli. Kwetu bendera hupandishwa uani mtu wa nyumba akiwa na siku ya kuzaliwa, na majirani wakiiona huja na maua, kwani nyumba hiyo lazima ina kahawa na keki. Siku moja ya kawaida kabisa Kresten alivaa shati jeupe, akatoka, akapandisha bendera. Majirani wakaja. Dagny alifungua mlango akiwa na aproni, akaona watu wamejipanga na maua mikononi wakimtafuta wa kumpa.

"Ni ya dada yangu," alisema papo hapo. "Yuko Aalborg, lakini tunamkumbuka. Karibuni ndani."

Watu wakaingia, wakanywa kahawa, wakamtakia heri dada wa Aalborg. Walipoondoka, Kresten alikuwa ameketi kwenye kiti chake na kola imefungwa hadi juu.

"Nimekosea siku," alisema.

"Kidogo."

"Mama." Alimwita mkewe hivyo, kama wanaume wengi wa rika lake hapa kwetu. "Usinipeleke kule."

Dagny hakuuliza kule wapi. Kaka yake Kresten alifia katika nyumba ya wazee ya halmashauri, upande wa waliopoteza kumbukumbu. Ni pahali pasafi pana maua kila dirisha. Mlango wake hufunguka kwa namba, na wanaotaka kutoka ndio waliosahau namba.

"Nataka nifie hapa," alisema Kresten. "Kwenye kiti hiki, au kile."

"Chagua kimoja, nikitandikie plastiki," alisema Dagny. Kisha, kwa kuwa mumewe hakucheka, akasema, "Hutakwenda, baba. Nimekuahidi."

Majira hayohayo, duara letu la kusoma, sisi wachache tunaokutana kila mwezi kujadili kitabu, lilikuwa katika riwaya za kesho mbaya. Mnavijua vitabu vya namna ile: sayansi imeshika serikali, kuta zina masikio, watu wanapewa vidonge vya furaha na wasiofurahi wanapotea. Aliyevipendekeza ni Asger, aliyekuwa mgawa barua, mtu asiyeamini kitu chochote kisichokuja na stempu. Aliyevipinga ni Vibeke, mwalimu mstaafu wa kemia na mjumbe wa baraza la wazee la halmashauri.

"Kwa nini kila mwanasayansi humu ndani ni shetani?" alilalamika Vibeke, akikipiga kitabu kwa ukucha. "Nimefundisha kemia maisha yangu yote. Sijamtawala hata paka."

"Paka ndiye anayekutawala wewe," alisema Asger. "Majuzi nimekuona unamwomba radhi."

"Asger, nyamaza unywe kahawa. Ninachosema ni kwamba vitabu hivi vinawatia watu hofu ya bure. Sisi tuna sheria. Tuna ridhaa. Hakuna anayelazimishwa kitu."

Dagny, ambaye kwa kawaida alisema neno lake moja mwishoni kama mtu anayelipa nauli, safari hiyo alizungumza. "Mimi kinachonikera ni viatu. Kila mbaya humu anakuja na viatu vizito na sauti ya kubweka. Nani atamfungulia mlango mtu wa hivyo? Ningekuwa naandika mimi, ningemtuma binti mpole mwenye baiskeli."

Tukacheka. Vibeke naye alicheka, tena sana.

Binti mpole mwenye baiskeli alikuja muda si mrefu baadaye. Jina lake Rikke Stendahl, wa idara ya uangalizi ya halmashauri, mashavu mekundu kwa upepo. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Habari za bendera zilikuwa zimefika. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Jirani mmoja alikuwa ameeleza wasiwasi wake, na kwetu kueleza wasiwasi ni aina ya upendo.

Rikke alileta kifaa cheupe cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai, cha kubandikwa kwenye dari. Kiliitwa Utulivu.

"Hakina kamera," alisema akikoroga kahawa. "Wala hakirekodi."

"Kinafanya nini sasa?" aliuliza Dagny.

"Kinaelewa tu. Kinasikiliza mnavyotembea, mnavyoongea, kinapata picha ya hali ya nyumba. Mambo yakiwa mazuri taa ni ya kijani. Kukiwa na jambo la kuangalia, inakuwa njano."

"Na yakiwa mabaya? Nyekundu?"

"Hapana, nyekundu ilitolewa. Wataalamu waligundua inawatisha watu." Rikke akatabasamu. "Ya mwisho ni samawati. Rangi ya anga."

"Na hiyo samawati ikiwaka?"

"Tunakuja kuzungumza. Labda tunatoa nafasi kwenye nyumba ya wazee. Ila ni hiari, Dagny. Kila kitu ni hiari. Bila kifaa vilevile mnaweza kukaa, isipokuwa hapo tutalazimika kufikiri kwamba hatujui hali yenu, na tusipojua, inabidi tuchukue tahadhari."

Waandishi wa vile vitabu walitabiri mengi, ila hawakutabiri kahawa. Dagny alitazama kile kisahani, akamtazama mumewe aliyekuwa akimenya yai kwa makini ya fundi, akakubali. Sote tungekubali. Tumezaliwa na namba ya serikali, tumechanjwa, tumesomeshwa, tumetibiwa, na serikali haijatufanyia ubaya ambao hatukuupigia kura wenyewe.

Taa iliwaka kijani kwa muda mfupi. Kisha ikawa njano, na Rikke akarudi.

"Ni mazungumzo," alisema kwa upole. "Kifaa kinaona maneno yamekwisha kabisa ndani ya nyumba. Kwa mtu wa hali ya Kresten, hiyo ni dalili. Yalianza kupungua lini?"

"Hayajapungua."

"Maana yake?"

"Hayakuwahi kuwepo."

Rikke alicheka, akidhani ni mzaha. Dagny akamweleza kwamba ndivyo walivyo, ndivyo walivyokuwa wazazi wao, na kwamba mama mkwe wake aliwahi kupitisha Krismasi nzima kwa neno "chumvi".

"Naelewa," alisema Rikke. "Kwetu pia babu alikuwa hivyo. Lakini Utulivu kilifundishwa kwa sauti za familia za Kopenhagen."

"Basi kimeharibikiwa toka utotoni. Wale wa Kopenhagen wanaongea hata wakiwa wanameza."

"Kinajifunza, Dagny. Kitawazoea. Ila kwa sasa jaribuni tu kuongea kidogo zaidi. Ni vizuri hata kwa afya yake."

Dagny alijaribu. Alizima redio, akamkalia mumewe mbele.

"Sema kitu, baba."

"Kitu gani?"

"Chochote."

Kresten alifikiri mpaka kahawa ikapoa. "Viazi," alisema.

"Vimefanya nini?"

"Vipo."

Dagny akatazama juu. Njano. Alimwuliza juu ya utoto wake, juu ya mashine alizotengeneza, juu ya kaka yake, na hapo Kresten akaanza kulia, na kilio nacho, kama walivyogundua, hakikuhesabiwa kuwa mazungumzo. Mwishowe, kwa kukata tamaa, Dagny akachukua kitabu cha mwezi ule cha duara letu, akaanza kusoma kwa sauti.

Ilikuwa hadithi ya mke na mume katika mji ambao kila nyumba husikilizwa. Dagny alianza kwa sauti ileile ya kuita wagonjwa kwa zamu. Kufika sura ya pili alikuwa ameshaanza kuigiza. Mtu aliyekaa mapokezi kwa miongo mitatu anajua sauti zote za binadamu mwenye maumivu, na sasa zilimtoka moja baada ya nyingine: mkaguzi mwenye mafua, jirani mnafiki, mke anayenong'ona jikoni bomba la maji likiwa wazi. Kresten aliacha kutazama dirishani. Aligeuza kiti.

"Huyo jirani ni mwongo," alisema.

"Unamjuaje?"

"Anacheka kabla hujamaliza kusema. Usimwambie kitu!"

"Mimi simwambii, ni huyu mwanamke."

"Basi mwambie huyu mwanamke anyamaze!"

Dagny akamjibu kama yule mwanamke, maneno yasiyokuwemo kitabuni, na Kresten akamjibu tena. Waliendelea hivyo siku baada ya siku. Kresten alisahau alichokula asubuhi, lakini hakusahau ni nani aliyejificha kwenye stoo ya yule jirani. Mara nyingine alisimama, akapiga meza, akapaza sauti, "Wanakuja! Usifungue!" na Dagny akacheka hadi akashika ubavu. Alituambia kwenye duara kwamba hajawahi kuongea na mumewe kiasi kile, na kwamba, alipotafuta neno, haikuwa mbaya hata kidogo. Tukajua ni mapenzi mapya.

Taa ilirudi kijani.

"Mmeona?" alisema Vibeke, macho yanamng'aa. "Kifaa kimewapa ndoa ya pili. Hilo nalo liandikieni kitabu basi."

"Subiri sura za mwisho," alisema Asger. "Zinakuwa mbaya."

Sura za mwisho zilikuwa mbaya. Mke wa kwenye kitabu, kwa kumpenda mumewe na ili asichukuliwe akiwa hai, anamtilia vidonge kwenye supu. Dagny alisoma vizuri mno. Alituambia baadaye kwamba sauti ilimtetemeka yenyewe, kwa sababu alikuwa akimtazama Kresten na kukumbuka alichomwahidi. Kresten alipiga kelele, "Sitaki hiyo supu!" Naye Dagny, akiwa bado ni yule mwanamke, akasema, "Kunywa, mpenzi. Ndiyo njia pekee ya wao kutuacha."

Aliponyanyua macho kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, dari ilikuwa samawati. Rangi nzuri kweli. Wataalamu walikuwa hawajakosea.

Rikke alikuja na daktari wa halmashauri aitwaye Troels, mtu mpole mwenye sweta la kufumwa. Walileta keki. Hapo ndipo Dagny alipojua jambo ni zito, maana mtu wa halmashauri huja kula keki yako; hajapata kuleta yake. Kwa bahati alikuwa amemwomba Vibeke awepo. Alihitaji shahidi wa kuaminika, na Vesterkær nzima haina mtu anayeaminika kama Vibeke.

"Ni kitabu," alisema Dagny, akakiweka mezani kando ya keki. "Huyo anayesema tunasikilizwa ni mhusika. Supu ni ya kitabuni. Soma hapo."

Troels akasoma ukurasa mzima, kwa adabu. "Kimeandikwa vizuri," alisema.

"Sikuuliza kimeandikwaje."

"Tunakuamini, Dagny," alisema Rikke. "Kabisa."

"Basi badilisheni rangi."

"Rangi si yetu kubadilisha. Sisi tunaamua tu. Uamuzi wa mwisho lazima uwe wa binadamu, hiyo ni sheria."

"Basi amueni."

"Ndiyo tunaamua," alisema Troels, "kwa kutazama rangi."

Akaeleza, taratibu, kama anayemshika mtu mkono kushuka ngazi. Kifaa kinaweza kutofautisha kusoma na kuongea. Kusoma kuna mwendo wake. Lakini Kresten alikuwa akijibu, na Dagny akamjibu, nje ya mwendo wa kusoma. Na hofu iliyokuwa kwenye sauti yake ilikuwa hofu ya kweli. Hilo kifaa hakikosei.

"Nilikuwa nasoma vizuri!" alisema Dagny.

"Sauti imepanda," alisema Troels, kwa upole uleule, na Dagny akaishusha.

Vibeke akaingilia kati. Alieleza juu ya duara letu, juu ya riwaya za majira yale, akaapa kwamba kitabu kile amekisoma na supu imo. Alitetea vizuri. Troels alimshukuru. Kisha akamwuliza, karibu kama mtu anayeaga:

"Na je, Dagny anaamini yaliyomo kwenye vitabu hivi?"

Mtu wa mahali pengine angesema hapana, akamega keki. Vibeke alikuwa ameulizwa swali na daktari wa halmashauri, na hajawahi kumjibu mtu wa halmashauri uongo, kama ambavyo sisi wengine hatujawahi. Akafikiri ili apate jibu lililo sawasawa.

"Haamini kwamba ni kweli," alisema. "Anaamini vinafanana."

"Vinafanana na nini?"

"Na..." Vibeke akatazama dari. "Na haya."

Troels aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni. Hakuandika. Hakukuwa na haja.

Akatoa njia mbili. Ya kwanza, Dagny apumzishwe hospitalini kwa uchunguzi, hofu yake itazamwe, na Kresten akae nyumba ya wazee kwa muda, kwa kuwa hawezi kubaki peke yake. Ya pili, Kresten ahamie nyumba ya wazee moja kwa moja, mzigo umtoke Dagny, na suala la hofu lisifunguliwe.

"Hatwendi popote," alisema Dagny.

"Hiyo nayo ni haki yako," alisema Rikke. "Ila hapo itakuwa njia ya kwanza."

Kresten alikuwa kwenye kiti chake muda wote huo. Wote walidhani hafuati.

"Nani anaumwa?" aliuliza.

Rikke akasukuma keki kando.

"Ni mama?"

"Dagny amechoka, Kresten," alisema Rikke, akapiga goti mbele yake ili macho yao yalingane. "Anahitaji kupumzika."

"Watampeleka?"

"Baba, nyamaza," alisema Dagny. Ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yao kumwambia hivyo.

Kresten hakunyamaza. "Amechoka. Namwona. Hacheki tena tangu juzi." Alishika mikono ya kiti akasimama, akavuta shati likanyooka. "Basi nitaenda mimi. Yeye mwacheni apone."

"Unasema kwa hiari yako?" aliuliza Troels.

"Nasema."

Rikke alikuwa analia, kweli analia. Na juu yao, kabla mtu hajajibu, samawati ilififia, ikawa kijani. Ya Kresten ilikuwa sentensi ndefu, iliyo wazi, yenye upendo ndani yake, na kifaa kilikuwa kimejifunza kuzitambua.

Vibeke alikuja kwenye duara mwezi uliofuata, akakaa pale anapokaa siku zote. "Niliulizwa, nikajibu," alisema. Tukakubali kwamba aliulizwa na akajibu. Tulijaribu kumtafuta wa kulaumiwa, kila mmoja kwa wakati wake, hata Asger mwenye ulimi, na hatukumpata. Rikke alilia. Troels alisoma ukurasa mzima. Kifaa kilisikia kilichosemwa. Tukachagua kitabu kingine, kinachohusu ndege wa bustanini.

Kile kisahani kilibaki sebuleni, kwa kuwa Dagny sasa anaishi peke yake, na wanaoishi peke yao wamo kwenye kundi la kuangaliwa zaidi. Anaongea nacho. Anakiambia anapika nini. Anasema ni busara tu, kama kumsalimia mbwa wa jirani.

Kila mchana anamtembelea Kresten. Namba ya mlango amepewa. Chumba kina jua, kina maua dirishani, na darini kina Utulivu cha kijani kisichowahi kubadilika. Wahudumu wanamsifu Kresten kwamba ni mzungumzaji. Juzi nilikwenda na Dagny, nikakaa pembeni nikishika maua niliyoyaleta. Kresten alimtazama mkewe muda mrefu, usoni, mikononi, kama alivyokuwa akikagua mashine kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe.

"Umepona, mama?"

"Nimepona, baba."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi twende nyumbani," alisema Kresten, akainuka kutafuta koti lake.

Dagny alitazama dari. Kisha akamshika mumewe mkono, akamkalisha taratibu, na kwa sauti ya uchangamfu, iliyo wazi, isiyotetemeka hata kidogo, akaanza kumsimulia jinsi mapazia ya chumba kile yalivyo mazuri.